Niliwaambia Waweke Simu Mfukoni

Nina kamera ya filamu ambayo nimeichukia kwa miezi kadhaa sasa, na bado sijaiuza. Kuna mtu Nairobi anayekusanya vitu vya zamani, na kila baada ya wiki chache hunitumia ujumbe kuuliza kama nimebadilisha nia. Simjibu. Nikimjibu itabidi nimweleze, na kueleza kwenyewe ndiko kunakoniudhi.

Niliinunua Kitui mjini kwa mzee aliyekuwa akifunga studio yake. Alikuwa amepiga picha za vitambulisho na za harusi tangu ujana wake, na sasa nusu ya chumba ilikuwa kibanda cha kutuma pesa na nusu nyingine iliuza vifuniko vya simu. Kamera ilikaa dirishani kama pambo. Iliundwa Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo haipo tena hata kwenye ramani, na ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiivaa shingoni kutwa nzima unalala na kichwa kinakuuma. Mzee aliifuta kwa shati lake kabla ya kunikabidhi.

"Mwalimu," aliniambia, "hii haina betri na haina akili. Akili ni yako."

Mimi nafundisha fizikia katika shule ya kutwa si mbali na Kabati. Mtu akiniambia kwamba chombo kinafanya kazi kwa akili yangu, biashara imeisha.

Nilipenda kila kitu chake. Nilipenda jinsi mwanga unavyoingia kwenye lenzi, ukagonga kioo kilicholazwa mshazari, ukapanda juu na kunifikia jichoni, hivi kwamba ninachokiona mimi ndicho lenzi inachokiona. Nilipenda kubonyeza kitufe na kusikia kioo kikiruka kuupisha mwanga ufike kwenye filamu, kwa kishindo cha kutawanya kuku. Niliipeleka darasani kuwaonyesha kidato cha tatu. Walipiga miayo, na mmoja akauliza kama inaweza kupiga selfi.

Kuishi nayo kulikuwa kazi. Haina kipima mwanga, kwa hiyo unakisia, na mwanga wa huku kwetu saa sita mchana ni mweupe mpaka unalidanganya jicho. Sponji iliyoziba mlango wa nyuma iliyeyuka kwa joto ikawa lami nyeusi, nami niliikwangua jioni nzima kwa kijiti cha meno. Ilipoanza kukwama niliipeleka kwa fundi wa saa pale Kabati. Aliifungua, akaitazama kwa heshima, akaifunga, akaniambia niiombee. Filamu zilitoka Nairobi kwa kifurushi, nyingine zimepitwa na muda tangu nikiwa sijaoa, na zikishapigwa zilirudi Nairobi kusafishwa. Ni wiki mbili hizo, au tatu wakijisikia.

Na watu hawakuelewa. Ukimpiga mtu picha sokoni Mukuyuni, anakuja mbio kuangalia mgongo wa kamera. "Hebu nione." Anaona ngozi nyeusi. "Iko wapi?" Namwambia asubiri wiki mbili, naye ananitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa. Hapo ndipo nilipokuwa nachemka na kuanza mahubiri yangu, kwamba picha ya simu si picha, kwamba simu ikizama chooni ukoo mzima umezama nayo, kwamba picha ya filamu inashikika, ina mbele na nyuma, unaweza kuiandika jina. Niliyasema haya mara nyingi hadi nikayaamini kupita kiasi. Kanisani walinibatiza mwalimu wa makumbusho, nami nikajiona nimesifiwa.

Sasa nimzungumzie mama, kwa sababu haya yote yanamhusu yeye.

Mama yangu ana dada mmoja tu aliye hai, mkubwa wake, aliyeolewa upande wa Makueni, karibu na Tawa. Mama mkubwa aliokoka akiwa msichana, na alipookoka aliokoka mzima mzima, mpaka nywele. Mama hakuokoka. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na mama akaanza kupika kaluvu, ile pombe yetu ya miwa, akiiuza nyuma ya nyumba. Kaluvu ndiyo iliyonilipia karo ya sekondari, na sioni sababu ya kuficha. Mama mkubwa alipopata habari alikuja kutoka Tawa, akasimama uwanjani bila kukubali kiti, akasema hatakula tena chakula cha nyumba hiyo mpaka dada yake aingie majini, yaani abatizwe. Mama naye si mtu wa kubembeleza. Akamwambia aende salama.

Hakuna aliyedhani ingechukua zaidi ya miaka thelathini. La ajabu ni kwamba hawakununiana. Walitembeleana, walilia pamoja kwenye mazishi, walipigiana simu kila Jumapili. Lakini mama mkubwa hakula kwetu. Kwenye harusi yangu alikuja na muthokoi wake, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ndani ya mkebe, akaula pembeni huku wapishi wakimwangalia. Mama alicheka na wageni siku nzima, kisha nikamkuta jikoni akilia kwa hasira, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nilijua vizuri kwamba mkebe ule uliletwa na karo yangu. Nikamsaidia kusuuza.

Kisha mwaka jana, Jumapili moja baada ya chakula, mama alitangaza kwamba amempa pasta jina lake. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema amenunua mbuzi. Ameshavuka miaka sabini na kaluvu aliiacha zamani. Hakueleza kwa nini sasa, nami sikuthubutu kuuliza. Alimpigia dada yake simu mbele yangu. Nikasikia kilio kutoka upande wa pili hadi mama akaitoa simu sikioni.

Ila mama mkubwa asingeweza kuja. Alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, na tangu hapo hatoki kitandani ila kwa kubebwa. "Mimi siwezi kuja kuona," alisema, na mama akaweka simu kwa sauti kubwa ili nami nisikie. "Lakini nataka picha. Siyo ya simu. Hizo wajukuu wananionyesha halafu wanatoa mkono haraka. Mimi nataka ya karatasi, ya wewe ukiwa ndani ya maji. Nikishika hiyo kwa mkono wangu, nakula chakula yako."

Mama akanigeukia. Maisha yangu yote nilikuwa nikingoja mtu aniagize hivyo.

"Niachieni mimi," nikasema.

Nilikuwa na filamu moja tu nzuri, ya rangi, ya picha thelathini na sita. Sisi tunaotumia filamu tuna uchoyo wetu. Unatakiwa uuvute ulimi wa filamu mrefu, uuingize vizuri kwenye gurudumu la kuupokea, na kupoteza picha mbili za mwanzo. Lakini ukichomeka ncha tu, kidogo kabisa, unaweza kupata picha mbili zaidi mwishoni. Asubuhi ile ya ubatizo nilichomeka ncha tu. Nikafunga mlango na kuvuta mara mbili. Kuna kifundo kidogo upande wa kushoto ambacho huzunguka filamu ikisogea kweli, na mtu yeyote anayejifunza huambiwa akitazame. Mimi mwenyewe nimewaambia watu wakitazame. Siku hiyo sikukitazama, kwa kuwa kwaya ilikuwa inapita langoni kwetu ikiimba na sikutaka kuachwa.

Mto wetu ni wa mchanga. Unapita mwaka mzima bila kuonekana, maji yakiwa chini. Jumamosi wanaume wa kanisa walikuwa wamechimba shimo pana kama chumba mpaka maji yakajaa, wakalizungushia matawi ya miiba ili punda wasije kunywa na kulichafua. Kufikia Jumapili mchanga ulikuwa umetulia na maji yamekuwa meupe, yakimfika pasta kiunoni. Waliobatizwa walikuwa wanane. Mama alipangwa wa mwisho kwa kuwa ndiye mkubwa.

Nilifika pale nikijiona mtu. Nikaweka jicho kwenye kamera, na nilichoona ni mikono. Kila mtu alikuwa ameinua simu, pande zote za shimo, na katikati yao kichwa cha pasta. Nilikasirika kweli. Picha ya maisha ya mama yangu, na humo ndani simu kumi na tano! Nikamwendea pasta pale ukingoni nikamwambia kwamba ingefaa mtu mmoja apige, wengine watulie.

"Hii ni ibada, pasta. Siyo sinema."

Maneno hayo yalimpendeza. Akayachukua hayohayo akayatangaza: "Wapendwa, simu mfukoni. Mwalimu peke yake ndiye atapiga. Hii ni ibada, siyo sinema." Nao wakatii. Watu wetu pasta akisema jambo akiwa ndani ya maji hawabishani naye. Ni mama mmoja tu wa kwaya aliyenong'ona, "Na hiyo ya mwalimu ikikataa?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Mama alishuka akiwa na kanzu nyeupe, ameushikilia mkono wa pasta kwa mikono miwili. Aliogopa. Mama alikuwa hajawahi kuingia maji yanayopita goti, na nilimwona akipapasa kwa mguu kabla ya kila hatua. Nilipiga magoti mchangani, karibu kuliko mtu mwingine yeyote, nikakisia mwanga, nikarekebisha lenzi mpaka nikaona kila mstari wa uso wake. Pasta alisema maneno yake. Akamziba pua kwa kitambaa, akaanza kumlaza kinyumenyume. Maji yalipofika masikioni nikabonyeza.

Kukawa giza. Kwenye kamera za baadaye kioo huruka na kurudi chenyewe kabla hujapepesa jicho, lakini yangu ni ya kabla ya hapo. Kioo chake kikiruka kinabaki juu, na unachokiona ni weusi mtupu mpaka uvute tena mkono mdogo wa kusogeza filamu. Nilivuta. Mchanga ulikuwa umeingia, kidole gumba kikateleza. Nikavuta tena. Kioo kilipotua na mwanga kurudi, mama alikuwa ameshafungwa leso na wamama wawili, na wimbo umepamba moto. Nikaendelea kupiga.

Nilipiga mpaka kwenye chakula cha kanisa. Nilipiga wazee, watoto, masufuria, pasta akipigana na mfupa. Kihesabu kikafika thelathini na sita, kisha thelathini na nane, nami nikatabasamu kwa werevu wangu. Kikafika thelathini na tisa. Arobaini. Nikajiambia ni filamu ya watu wakarimu. Kilipofika arobaini na moja na mkono bado ukavutika laini bila kipingamizi, nikaishusha kamera.

Niliondoka bila kuaga. Nyumbani nilijifunika blanketi nzito mchana ule, mwanga usije ukaiunguza filamu, nikafungua mlango wa nyuma kwa kupapasa. Ulimi wa filamu ulikuwa palepale nilipouacha, umechomoka kwenye gurudumu, haujasogea hata kidogo. Siku nzima nilikuwa nikivuta hewa. Filamu ilikuwa mpya kabisa, ungeweza kumuuzia mtu. Niliirusha kamera kwa nguvu zangu zote, lakini hata katika hasira ile niliirushia kitandani, na jambo hilo lilinikasirisha zaidi.

Mama aliponiuliza nilimwambia picha ziko Nairobi.

Nilisema hivyo kwa wiki tatu. Kila jioni aliuliza, na kila Jumapili mama mkubwa aliuliza kwenye simu, na mama alimjibu kwa sauti ya mtu anayejua siri ya shughuli: "Mambo ya filamu hayaendi haraka, dada." Alikuwa ameanza kunitetea kwa maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nikitoka chumbani nisimsikie.

Wakati huohuo nilikuwa nazunguka kwa waumini mmoja mmoja, chinichini, kuuliza kama kuna aliyeiba hata picha moja. Wote walikuwa wametii. Walinijibu kwa fahari. "Mwalimu, ulisema ni ibada." Sijawahi kukutana na watu watiifu hivyo, na sijawahi kuwachukia watu wema kiasi kile. Mwishowe yule mama wa kwaya aliyetania akakiri kwamba alirekodi video kwa siri, simu ikiwa imefichwa nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nilikaribia kumkumbatia. Tukasimama kivulini mbele ya duka lake tukaitazama. Kulikuwa na wimbo, mbingu kidogo, viatu vya watu. Kisha shati langu la mirabaraba likajaza kioo chote cha simu. Mgongo wangu, kiwiko nimekitanua, na nyuma ya sikio langu kipande cha upara wa pasta. Nilingoja nisogee. Niliposogea, mama alikuwa tayari ndani ya leso.

"Pole, mwalimu," akasema. "Ulikaa mbele."

Nikaenda kwa pasta. Nilimkuta akitengeneza ua la mbuzi, nikamweleza ukweli wote, kisha nikamwomba jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilimwomba turudi mtoni, amzamishe mama mara nyingine, kwa ajili ya picha tu. Shimo lilikuwa bado lina maji. Nilikuwa nimeshapita kulikagua.

Hakunikemea. Alisimama na waya mkononi. "Nikisema maneno," akasema, "nitakuwa nimembatiza mara mbili, na hiyo siwezi. Nisiposema maneno, nitakuwa nimemuosha."

"Basi muoshe, pasta."

"Na hiyo picha itamwambia dada yake nini?"

Niliondoka nimekasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Mama ameingia majini akiwa na miaka sabini na kitu, halafu kitu cha kwanza nimfanyie ni kumtuma kwa dada yake na uongo wa karatasi!

Nilimwambia mama siku ya pili. Alikuwa ameketi mlangoni akichagua mawe kwenye maharagwe. Nilizungumza upesi, nikaeleza kuhusu ulimi na gurudumu na kifundo, kama kwamba fizikia ingenisaidia. Aliendelea kuchagua mpaka nikamaliza.

"Hata moja?"

"Hata moja, Mwaitu," nikasema, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Na hiyo nikiwa ndani ya maji?"

"Hata hiyo."

Akatupa jiwe uwanjani. "Na kwa nini uliambia watu waweke simu?"

Nilimweleza kwamba zingeonekana kwenye picha, zingeiharibu.

"Mimi singejali simu," akasema mama. Akarudi kwenye maharagwe. Alipoinuka baadaye aliniambia nitafute gari, kwamba Jumamosi tunaenda Tawa na chakula.

Mwalimu mwenzangu alituazima gari lake. Mama alikuwa ameamka mapema kupika, muthokoi na kuku wa kienyeji, na safari nzima aliishikilia hotipoti mapajani ingawa nyuma kulikuwa na nafasi. Nilimwambia aiweke chini, akaikumbatia zaidi. Tulizungumza kuhusu mvua. Nilitamani anitukane nijue moja.

Mama mkubwa alikuwa ameinuliwa kwa mito mitatu, amevaa kitambaa kizuri kichwani kwa ajili yetu. Mkaza mwanawe alikuwa amesimama kando ya kitanda. Kabla hata hatujasalimiana vizuri mama mkubwa alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Leteni."

"Hakuna," mama akasema. "Kamera ya huyu ilikataa."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi kwenye blanketi. Mama mkubwa aliitazama hotipoti, akamtazama dada yake. Mama alikuwa amesimama bado, kama dada yake alivyosimama uwanjani kwetu miaka ile.

"Niliingia maji, dada. Utakubali neno yangu ama utakataa."

"Neno yako naijua tangu ukiwa mdogo," mama mkubwa akajibu. "Ulikuwa unaniambia umechota maji na mtungi iko tupu." Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Akanigeukia mimi. "Wewe, mwalimu. Ulikuwa karibu?"

"Nilikuwa karibu kuliko wote, mama mkubwa."

"Nataka kujua kitu moja. Kuna hawa wa siku hizi wananyunyiziwa kidogo wanasema wamebatizwa. Maji ilifunika kichwa yote?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Ndiyo, ilifunika. Pasta angesema hivyo, kwaya ingesema hivyo, nywele za mama zilikuwa zinachuruzika maji kwenye leso. Neno moja, na miaka thelathini iishe. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ananitazama, ametulia kabisa, kwa kuwa alijua jibu na aliamini nililiona.

"Sijui," nikasema. "Hiyo kamera ikipiga inakuwa giza. Nilibonyeza maji yakiwa masikioni. Nilipoona tena, alikuwa ameshatoka amefungwa leso."

Niliona aibu mpaka shingo ikapata moto. Mama mkubwa alinikazia macho kwa muda mrefu, halafu bega lake likaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, kicheko kikavu kilichomuumiza nyonga.

"Mtu amekuja kunidanganya hawezi kusema hivyo," akamwambia mkaza mwanawe. "Nipe sahani."

Mama alimpakulia mwenyewe. Alipakua kuku kwanza, akaurudisha mguu, akatafuta finyango nzuri zaidi. Mama mkubwa aliomba kwa ufupi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akala. Alikula taratibu, akaomba kuongezwa mchuzi, akalalamika kwamba chumvi ni kidogo kama kawaida ya mama. Mama akamjibu kwamba hajui hiyo kawaida ameitoa wapi. Wote wawili walikuwa wanalia na kubishana. Nilipaswa kufurahi, na sehemu yangu ilifurahi, lakini mama alimpakulia kila mtu mle chumbani bila kunitazama, na sahani yangu aliniletea mkaza mwana.

Tulirudi jioni. Nilimwambia mama kwamba mambo yameisha vizuri. Nilimwambia kwamba mama mkubwa amekula sahani mbili. Akasema ameona. Tulipoingia kwenye barabara ya vumbi inayokuja kwetu nilidhani amesinzia, maana alikuwa amegeukia dirisha.

"Sikujua kama hukuniona," akasema.

Nikapunguza mwendo.

"Huko chini niliogopa sana. Nilifikiri pasta ameniachilia. Nilipotoka macho imejaa maji, kitu ya kwanza nilitafuta ni wewe. Hao wengine wote sikuwa na haja nao. Nikakuona umepiga magoti, na mahali pa uso yako kulikuwa na hiyo kitu."